Masika ya Sauti Zilizozama

Jumatatu, Machi 4

Dada wa mazoezi pale hospitali amenishauri niandike. Basili amekula nini, amelala vipi, amesema nini. Kusema hakuna la kuandika. Tangu kiharusi kimpate mwezi wa kumi na moja, mume wangu ana neno moja tu: kesho. Akitaka maji, kesho. Akikasirika, kesho. Akiniona naingia na bakuli la mtori wa ndizi, kesho kwa furaha kabisa.

Lakini kuimba anaimba. Jana niliweka kaseti ya kwaya aliyoiongoza hapa Kibosho tangu hatujaoana, na kwenye kiitikio Basili alifungua mdomo akaimba mstari mzima, maneno yote mahali pake. Nilishika ukuta. Leo nimemweleza yule dada kwa simu, akasema hiyo ndiyo dawa, niendelee kila siku, pole pole maneno yataanza kurudi kupitia humo.

Kwa hiyo nimepangusa vyombo vyake vyote: amplifaya, deki ya kaseti na zile spika mbili za mbao alizozileta kutoka Holili zikiwa zimefungwa kwa blanketi tulilopewa harusini. Nilijaribu kwanza kumpigia nyimbo kwenye simu, hakugeuka hata kichwa. Anataka besi anayoisikia kifuani.

Filbert, mdogo wake, alikuwepo jana na alilia. Anakaa hapo ng'ambo ya migomba, kwenye nusu yake ya kihamba, lile shamba la ukoo walilorithi kwa baba yao. Basili alipolazwa, huyu ndiye aliyebaki kuangalia nyumba, ng'ombe na kila kitu. Hata waya za darini zilizotafunwa na panya alizibadilisha mwenyewe, maana aliwahi kufanya kazi ya umeme Arusha. Kila alasiri anakuja kukaa na kaka yake. Sijui bila yeye ningekuwa wapi.

Jumatano, Machi 6

Mvua ya kwanza. Ameimba vizuri. Amekula ndizi zote.

Ijumaa, Machi 8

Leo alasiri kwaya ilizama. Sina namna nyingine ya kulieleza. Tulikuwa katikati ya wimbo, Basili anapiga mapigo kwa mkono wa kushoto, ule mzima, mara sauti zikaanza kuwa nzito na kushuka, soprano zikawa kama wanaume, wanaume wakawa kama ng'ombe. Taa nayo ikafifia. Halafu zikapanda tena ghafla. Basili alinitazama kama mtu aliyetukanwa. Hakuimba tena.

Filbert alisema ni transfoma, mvua ikinyesha huwa hivyo.

Jumanne, Machi 12

Kila siku sasa, alasiri. Na siku hizi spika zinanguruma hata kabla sijaweka kaseti, mngurumo mzito kama nyuki ndani ya mzinga. Nimehamisha plagi kutoka soketi moja hadi nyingine. Nimezima friji. Nimezima pasi, ambayo hata haikuwa imewaka. Nimenunua ekstensheni mpya pale barabarani. Nimetenganisha waya za spika na waya za umeme kama Filbert alivyonielekeza. Mngurumo uko pale pale.

"Shemeji, usijisumbue," Filbert aliniambia. "Amplifaya imezeeka kama sisi."

Ijumaa, Machi 15

Nimegusa bati la amplifaya nikiwa pekupeku nikasikia umeme ukinitekenya mkono hadi kiwiko. Nimemwambia Filbert. Akashtuka kweli, nikamwona uso ukibadilika. Akasema nivae kandambili nikiwasha, na kwamba atakuja kuangalia waya wa ardhi wa nyumba, ule unaozamisha umeme unaovuja. Hajaja.

Jumatatu, Machi 18

Nimeshuka mjini na amplifaya na deki kwenye kapu, nimevipeleka kwa fundi Wenseslaus, Majengo. Mektrida, mke wa Filbert, alikaa na Basili. Kama kawaida alikuja na chupa ya maziwa. Mwanamke huyu maziwa hayakosi mkononi tangu mgonjwa arudi nyumbani.

Alhamisi, Machi 21

Wenseslaus ameviwasha vyombo siku zote hizi dukani kwake na havikunguruma hata mara moja. Ameniwekea kaseti nisikie mwenyewe. Safi kabisa. Nilisimama pale katikati ya redio zilizofunguliwa matumbo nikasikia Basili akikohoa kabla ya kuanzisha wimbo, kikohozi ambacho sijakisikia nyumbani kwangu mwaka huu wote.

"Mama, vyombo hivi vizima," alisema. "Umeme wako ndio mgonjwa."

Jumamosi, Machi 23

Siwezi kuandika vizuri, bado nina hasira. Nimefunga vyombo, nimeweka kaseti ya Pasaka, ile ambayo hakuna nakala yake popote. Umeme ukashuka, deki ikasimama, umeme ukapanda kwa kishindo, deki ikaanza tena na kuutafuna utepe wote. Niliuvuta kwa vidole, umekunjamana kama utumbo wa kuku. Basili alipiga kelele "Kesho! Kesho! Kesho!" hadi ng'ombe akaitika bandani.

Jumapili ya Matawi, Machi 24

Baada ya misa Filbert alinivuta pembeni sebuleni. Basili alikuwa kwenye kiti chake karibu na soketi, tawi lake la mtende mapajani.

"Shemeji, nilikuwa sitaki kusema," alianza. "Ni kaka."

"Kaka nini?"

"Ndiye anayechezea swichi. Nimemwona kwa macho yangu. Ukienda jikoni, ananyoosha mkono, anazima, anawasha, anazima, anawasha. Akili imeshakuwa ya mtoto. Na ile siku uliyotekenywa, alikuwa amevuta waya. Siku moja atajiua, shemeji, au akuue wewe."

Nilimtazama Basili. Alikuwa amekodoa macho, anatikisa kichwa, mate yanamtoka. "Kesho," alisema. "Kesho, kesho."

"Unaona?" Filbert alisema.

Nimeona. Mtu aliyefanya kazi ya umeme, ndugu wa tumbo moja, ananidanganya kwa faida gani?

Jumatatu, Machi 25

Nimehamishia kiti chake chumbani. Sebule naifunga kwa ufunguo. Nikipata nafasi ya kukaa naye nimsimamie, nitamwekea nyimbo.

Alijishikiza kwenye fremu ya mlango kwa ule mkono wa kushoto. Ilibidi nimtoe kidole kimoja kimoja.

Ijumaa Kuu

Mvua. Hajaimba.

Pasaka, Machi 31

Nilifungua sebule, nikamkalisha mbali na soketi, nikaweka kaseti nyingine, yenye wimbo mmoja wa Pasaka. Alitazama ukuta. Wimbo wa Pasaka, yeye ambaye zamani alikuwa hanywi maji hadi amalize kuuongoza! Filbert alikuja na familia yake, wakala, wakacheka na watoto wa majirani. Alimpiga kaka yake begani, "Pasaka njema, kaka." Basili aliuondoa mkono ule begani. Nilimwomba Filbert radhi kwa niaba yake.

Alhamisi, Aprili 4

Anakataa chakula. Nampa kwa kijiko, anafunga meno.

Jumamosi, Aprili 6

Kuna kitu leo kimenikaa vibaya.

Basili alikuwa amelala chumbani na mlango nimeufunga kwa nje, Mungu anisamehe. Mimi nilikuwa sebuleni nashona joho la mtu, nikawasha deki nisikilize peke yangu. Mvua inapiga bati. Na kwaya ikazama. Ikazama ile ile, taa ikafifia, ikapanda. Nikakimbilia chumbani. Basili yupo kitandani, macho wazi, anatazama dari.

Basi nani aligusa swichi?

Jumanne, Aprili 9

Hospitali. Dada wa mazoezi alijaribu kuimba naye. Hakuna. Aliniuliza nyumbani kumetokea nini, kwa kuwa mwezi uliopita alikuwa anapanda na sasa anashuka. Nikamweleza habari ya swichi. Akaniuliza, "Mama Bernadetha, hayo maneno mliyasema mbele yake?"

Nikasema ndiyo, lakini yeye haelewi.

"Anaelewa kila kitu," alisema. "Kilichokatika ni njia ya kujibu."

Njia nzima ya kurudi sikuweza kumtazama mume wangu usoni.

Alhamisi, Aprili 11

Nimewaita watu wa umeme. Kijana mmoja alipanda nguzo, akapima, akashuka, akapima kwenye mita. Akasema hadi kwenye mita umeme umekamilika, tatizo lipo ndani kwangu. Akanionyesha taa nyekundu ya mita: ikikonyeza haraka, kuna kitu kinavuta umeme mwingi, ukizima kila kitu, inatakiwa itulie. Akaenda zake, mvua inamfukuza.

Ijumaa, Aprili 12

Nataka kuandika kila kitu kama kilivyokuwa, nisije kesho nikajiambia nilisikia vibaya.

Mchana mvua ilikatika. Saa za Filbert kuja zilikuwa hazijafika. Nilizunguka nyumba yote nikachomoa kila plagi: friji, deki, amplifaya, televisheni, chaja ya simu. Nikazima taa zote, hata ya bandani. Kisha nikatoka barazani kuangalia mita.

Taa nyekundu ilikuwa inakonyeza kama jicho la mwendawazimu.

Nikarudi ndani, nikakagua tena. Hakuna kitu. Nikasimama tena mbele ya mita, na kwa kuwa mvua ilikuwa imenyamaza, nikasikia jambo ambalo wiki zote hizi bati lilikuwa linanificha. Ng'ambo ya migomba, mashine ya Filbert ya kukatia majani ya ng'ombe ilikuwa inanguruma. Aliinunua mwaka jana. Huwa anasema ana laini yake mpya.

Sikufikiri. Mkono ulikwenda wenyewe kwenye swichi kubwa. Nikaishusha.

Mashine ikanyamaza.

Na sauti ya Mektrida ikapita migombani, wazi kabisa: "Filbert! Umeme umekatika!"

Nikapandisha. Mashine ikaanza. Nikashusha. Ikafa. Nilifanya hivyo mara kadhaa, nafikiri nilitaka siku moja ikatae, iendelee kunguruma, nimwombe Mungu msamaha kwa kumdhania mtu vibaya. Haikukataa.

Nikachukua jembe. Nyuma ya nyumba, pale zinaposhuka waya alizotengeneza Filbert, udongo ulikuwa laini. Sikuchimba sana. Waya mweusi umepita chini, umefuata mfongo, mfereji wetu wa maji, umeingia migombani. Mahali ulipounganishwa pamefungwa kwa mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko mmejaa maji. Huo ndio mngurumo. Huo ndio uliokuwa unanitekenya.

Nilikuwa bado nimepiga magoti kwenye tope Filbert alipotokea kwenye njia, anatembea haraka, akijua umeme umekatika kwa nani. Aliniona, akaona jembe. Akasimama.

"Shemeji," alisema.

Nikamwonyesha ule mfuko kwa mpini wa jembe.

"Nilikuwa nakuja kukuambia. Mita yangu ilifungwa, ng'ombe wanataka kula, nikasema nijishikize kwenu kidogo. Kaka yuko hospitali, wewe una mawazo, ningekusumbuaje? Ni umeme tu, shemeji. Ungenikatalia?"

"Nisingekukatalia."

"Basi," alisema, na nadhani alipata nafuu kabisa, alinyoosha mikono. "Basi tatizo liko wapi?"

"Ulisema ni Basili."

Akatazama miguu yake.

"Nilikuwa nakuambia naona taa inafifia," nilisema, "ukaniambia transfoma. Nikakuambia inanguruma, ukaniambia amplifaya imezeeka. Nilipotoka kwa fundi nikawa nimekukaribia, ndipo ukamshika kaka yako ukaniwekea mbele. Umekuja humu kila alasiri, umekaa kwenye kiti, umekunywa chai, unajua nimemfungia ndani kwa ajili yako."

"Shemeji, nilidhani haelewi."

"Na kama haelewi?"

Nikamwambia aondoke kwenye kihamba cha mume wangu. Sijawahi kumwambia mtu wa ukoo huu neno la namna hiyo.

Baadaye nilifungua sebule, nikamrudisha Basili kwenye kiti chake, pale pale kwenye soketi. Nikapiga magoti na tope langu nikamwambia yote. Nikamwambia nimejua sio yeye. Aliweka mkono wa kushoto kichwani kwangu, akauacha hapo. Hakusema hata kesho.

Jumamosi, Aprili 13

Mektrida alikuja analia. Anasema Filbert alimwambia mimi ndiye niliyewaruhusu wachukue umeme. "Dada, yale maziwa yote nilikuwa nakuletea ni shukrani," alisema. "Nikawa najiuliza mbona hujawahi hata kuutaja huo umeme." Kumbe kila mmoja alidanganywa kwa namna yake. Tumekaa jikoni, tumelia, tumemenya ndizi.

Jumatatu, Aprili 15

Wenseslaus amepanda kutoka Majengo. Amekata waya, ameung'oa wote hadi mpakani, amechimbia fimbo mpya ya ardhi na kufunga upya pale palipolowa. Nikawasha amplifaya bila kaseti. Kimya. Nikaweka sikio kwenye spika: kimya kabisa. Basili alinitazama nikiwa nimekumbatia spika, akacheka. Ni mara ya kwanza tangu Kwaresma.

Jumamosi, Aprili 20

Kikao cha ukoo, kwa mzee Sylvanus, Meku kama tunavyomwita mzee kwetu, baba yao mdogo. Nilidhani nitasikilizwa. Filbert alieleza vizuri, ana mdomo: shida, ng'ombe, aibu ya kuomba. Wote wakaitikia kwa vichwa. Habari ya swichi aliiruka. Nilipoitaja mimi, Meku akainua mkono.

"Mama, hayo ya maneno yaache. Waya umeshakatwa. Unataka ndugu wafikishane polisi kwa sababu ya redio?"

"Sijataja polisi, Meku."

"Basi yaishe."

Watu wale wale ambao Basili aliwazikia wazazi wao kwa nyimbo, hakuna hata mmoja aliyeuliza yeye anaonaje. Nimerudi nikiwa na uchungu kuliko nilivyokwenda. Filbert ni mmoja, na alikuwa na shida. Hawa walikuwa wamekaa tu wameshiba.

Jumatano, Aprili 24

Ameimba kiitikio. Nusu tu. Amekula.

Jumatatu, Aprili 29

Mvua kubwa, mfongo umefurika. Nyimbo mbili nzima.

Jumapili, Mei 5

Wamekuja baada ya misa, Meku Sylvanus mbele, Filbert nyuma amevaa koti. Mkononi ameshika jani la isale. Kwetu hilo likishaletwa, aliyekosewa hulipokea na mambo yakaisha. Sijawahi kuona limekataliwa, na bibi yangu alikuwa akisema hata aliyeuliwa mtoto hulipokea.

Nilizima deki. Filbert alipiga goti moja mbele ya kiti cha kaka yake, akanyoosha jani.

"Kaka, nisamehe kwa ajili ya umeme."

Basili hakunyoosha mkono.

Tulingoja. Filbert alisogeza jani karibu na ule mkono wa kushoto, hadi likagusa vidole. Vidole havikufunguka.

"Ugonjwa," Meku alisema. "Mama, hebu msaidie kushika."

"Mkono huo ni mzima, Meku," nikamwambia. "Asubuhi amejinyoa nao. Anangoja."

Meku alinikazia macho. Nami nikamkazia. Filbert alikuwa bado amepiga goti, jasho linamtoka puani. Kisha akaanza, kwa Kichagga, si kwa Kiswahili cha kwenye kikao, na sauti ilikuwa ya mtoto anayesema na kaka mkubwa.

"Nilisema ni wewe," alisema. "Umekaa hapo hapo, nikasema ni wewe. Nilijua unanisikia. Uliponitazama nilijua. Na nikaendelea kuja kunywa chai."

Basili alikuwa anamtazama tu, machozi yanashuka upande mmoja wa uso, ule ulio hai. Kisha akafungua vidole, akalishika lile jani.

Meku akashusha pumzi, akaanza kusali. Filbert aliinuka akanigeukia mimi, mikono mitupu. "Na wewe, shemeji?"

"Hilo ni la kaka yako," nilimjibu. "Umemwomba yeye."

Jumapili, Mei 12

Mvua zimeanza kupungua. Leo asubuhi mlima umeonekana wote, mweupe hadi mabegani.

Filbert amekuja alasiri. Basili alimwona kwenye njia kabla yangu akapiga kiti kwa kiganja, ili mdogo wake afunguliwe mlango. Wakakaa wawili, nikawawekea kaseti, na Basili akaimba, na mdogo wake akaimba chini chini, na sauti ilitoka safi hadi uani. Ni furaha yake na sitamnyima. Amesamehe, na nikimtazama naona amesamehe kweli, hana kinyongo hata kidogo.

Mimi bado. Nimekaa na hili wiki nzima na nikiligeuza upande wowote linabaki vile vile. Nikimsikia Filbert akicheka sebuleni naona vidole vya Basili kwenye fremu ya mlango, na mimi ninavitoa.

Nilimpelekea chai. Miaka yote nimekuwa nikimtilia sukari mwenyewe, najua anavyoipenda, vijiko hadi kikombe kinataka kumwagika. Leo niliweka kikombe, nikaweka kopo la sukari kando yake, nikatoka nje kwenda kumkatia ng'ombe majani.